Huzuni ya Mjane Mzee Si Uzee

Katika kila msiba wa mzee aliyeacha mke mzee, kaburi likisha kufukiwa na watu wakisha kurudi matangani, husemwa maneno ya namna moja, na wayasemao ni watu wema. Husemwa kwamba marehemu alikula chumvi nyingi. Kwamba mkewe naye ni mtu mzima, ameona mengi, amezika wengi, na moyo wake umekwisha kukomaa. Kwamba anayestahili kuhurumiwa ni kijana aliyefiwa na mume akiwa na kitoto mgongoni, lakini bibi huyu ana watoto, ana wajukuu, atakaa eda yake, atatolewa, kisha atakwenda kwa mwanawe mkubwa, ale, alale, aswali, angoje siku yake. Na ikiwa baada ya mwaka bibi huyo hali, halali, hasemi na mtu, na jina la mjukuu wake linampotea, hutolewa neno fupi ambalo baada yake hakuna aulizaye tena: ni uzee.

Fikra hii imeenea pwani na bara, kwa maskini na kwa wenye nacho, na haki ni kuieleza kwa insafu kabla ya kuipinga. Wanaoishika wana msingi. Kifo kinachokuja mwisho wa umri si sawa na kifo kinachokatiza umri. Imani huwapa waja subira ya kweli. Matanga, hitima na eda humpa mfiwa jamaa wa kukaa naye, neema ambayo watu wa miji mingi ya ulimwengu wameikosa. Tena ni kweli kwamba wajane wengi, hata wazee, hulia wakatulia, wakarejea katika maisha yao bila ya tabibu wala dawa, na anayesema kwamba kila huzuni ni maradhi anasema uwongo. Yote haya nayakubali. Ninalolikataa ni natija inayotolewa humo: kwamba maadamu wengi hutulia, basi mzee hahitaji kuangaliwa, kwamba kinachobaki baada ya eda ni uzee au upungufu wa imani, na kwamba jamaa, kwa kuwapo kwao tu, ni dawa. Natija hii inadhuru watu, na imedumu kwa sababu haitudai kitu sisi tuliobaki.

Hoja ya kwanza: kwamba mzee amekwisha kuzoea misiba

Anayesema hivi anadhani kwamba kufiwa ni kazi ambayo mtu hupata ustadi kwa kuirudia. Lakini mke aliyeishi na mumewe miaka arubaini hakupata kumzika mumewe hata mara moja kabla ya siku ile. Amewazika wazazi, ndugu, pengine na watoto, na katika kila msiba huo alikuwapo mtu mmoja wa kurudi naye nyumbani. Sasa ni mtu huyo huyo aliyezikwa.

Tena kuna jambo ambalo walio nje ya nyumba ya wazee hawalioni. Mume na mke waliozeeka pamoja hugawana viungo vya mwili bila ya kujua. Mume haoni vizuri, mke ndiye anayemsomea karatasi ya hospitali. Mke hasikii vizuri, mume ndiye anayemwambia kwamba mlango unabishwa, kwamba maji yanachemka, kwamba adhana ya alfajiri imekwisha kutoka. Mmoja anakumbuka majina ya watu, mwingine anakumbuka siku ya kliniki. Mmoja akiondoka, mwenzake hubaki na upungufu wa siku zote ambao ulikuwa umesitiriwa, na jamaa wanaokuja kumtazama hushangaa wakisema kwamba bibi amezeeka ghafla. Hakuzeeka ghafla. Sikio lake lilikuwa zito miaka saba iliyopita, ila palikuwapo sikio la pili nyumbani. Anayemwona sasa hajibu akiitwa, akadhani akili imemruka, anamdhulumu mara mbili: hampeleki kupimwa masikio, na anaacha kusema naye.

Na kama ni kweli kwamba umri huufanya moyo usidhurike, basi miili ya wazee haijui habari hiyo. Mwaka 1969 tabibu Colin Murray Parkes na wenzake wawili walitangaza Uingereza matokeo ya uchunguzi wa wanaume 4,486 waliofiwa na wake zao, wote wa umri wa miaka 55 na zaidi. Katika miezi sita ya mwanzo walikufa 213, idadi iliyozidi kwa asilimia 40 ile iliyotazamiwa kwa wanaume wa rika lao wenye wake, na aghalabu ya ziada hiyo ilitokana na maradhi ya moyo. Kisha polepole vifo vikarejea katika kiasi cha kawaida. Huko Japani mwaka 1990 matabibu waliandika habari ya moyo unaovimba chumba kimoja kwa mshtuko wa ghafla, ukachukua sura ya chungu cha kutegea pweza, na kwa jina la chungu hicho maradhi hayo yanaitwa takotsubo mpaka leo. Wanaopatikana nayo zaidi ni wanawake waliokwisha koma hedhi. Umri, basi, si kinga ya msiba.

Hoja ya pili: kwamba eda ikitoka, huzuni imetoka

Hapa ndipo penye kosa kubwa, na napenda kukaa hapa kidogo.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Ni hukumu ya sheria yenye hekima zake: nasaba, heshima ya ndoa iliyopita, na muhula wa mwanamke kabla ya kuposwa tena. Hapana mwanachuoni aliyedai kwamba ni kipimo cha moyo, na kwamba siku ya kumi baada ya mwezi wa nne majonzi yanakatika kama deni lililolipwa. Dai hilo tumelizua sisi, na tumelizua kwa sababu siku hiyo ndiyo siku tunayoondoka.

Tazameni nyumba ya eda. Chumba hakikosi mtu. Kizuka, yaani mjane aliye edani, amevaa nguo nyeupe, hana wanja, hana hina, hana udi wala dhahabu. Somo yake, yaani mwanamke anayemwongoza, analala naye chumba kimoja. Asubuhi shoga analeta uji, jioni mwingine analeta bakuli la mchuzi na mkate wa kumimina, na hata yule aliyekuja kwa udaku anakaa na kuzungumza. Usiku akishtuka, yupo wa kumuuliza umeota nini. Kisha inafika siku ya kutolewa: anakogeshwa, anavikwa nguo mpya, anafukizwa, watu wanakula, wanaomba dua, wanambusu mikono. Kesho yake mikeka inakunjwa, masufuria ya kuazima yanarejeshwa kwa wenyewe, somo anarudi kwake kwa kuwa naye ana mume na mji wa kuutazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi bibi huyo analala peke yake. Kwa hesabu yetu siku hiyo msiba umekwisha. Kwa hesabu yake ndiyo siku ya kwanza anaonana nao ana kwa ana.

Sasa linganisheni na hesabu ya matabibu. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya maradhi, lililoanza kutumika Januari 2022, limeitia huzuni inayokwama katika maradhi ya nafsi yanayotibika, na sharti lake ni kwamba iwe imedumu si chini ya miezi sita tangu kifo, imepita kiasi kinachozoeleka katika mila na dini ya watu wa mfiwa, na imemzuia asiweze kuendesha maisha yake. Matabibu wa nafsi wa Marekani mwaka huo huo waliweka mwaka mzima kwa watu wazima. Basi tabibu anaanza kutazama mwezi wa sita au wa kumi na mbili, ilhali sisi tumekwisha kuacha kutazama tangu mwezi wa tano. Mjane aliyekwama anakwama katika kipindi hasa ambacho hapana mtu chumbani wa kumwona.

Wala nisidhaniwe naishutumu eda. Eda, kwa jinsi watu wa pwani wanavyoikaa, ni katika maliwazo bora niliyopata kuyaona, kwa kuwa imemwekea mfiwa watu wa zamu wasiongoja kuitwa. Ninalolilaumu ni kwamba tumeufanya mwisho wa hukumu kuwa mwisho wa wema.

Hoja ya tatu: kwamba asiyetulia amepungukiwa na imani

Wasemao hivi huisema kwa sauti ya nasaha, na mjane huinamisha kichwa kwa haya. Nawauliza: Nabii Yaakub, ambaye Kurani inatupa habari kwamba macho yake yaliingia weupe kwa jitimai ya mwanawe, naye alikuwa mzee, alipungukiwa na imani? Mtume alipofiwa na bibi Khadija na ami yake Abu Talib, hata wanachuoni wakauita mwaka huo Mwaka wa Huzuni, alipungukiwa na imani? Na machozi aliyomlilia mwanawe Ibrahimu, mbele ya watu, yalikuwa ya nini? Dini ambayo mitume wake wamelia hadharani haiwezi kumkataza bibi wa Pangani asilie ndani kwake.

Fasihi yetu nayo inashuhudia. Utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu umesomwa zaidi ya miaka mia kuwa ni wasia wa mama kwa binti yake juu ya kukaa na mume, nao ni hivyo. Lakini ni wangapi wanaokumbuka kwamba alipoutunga, mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na Bwana Mataka wa Siyu, mumewe, alikuwa amekwisha kufa tangu miaka miwili? Utendi ulio mashuhuri kuliko zote kwa mkono wa mwanamke wa Kiswahili ni kazi ya mjane. Naye Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa shairi ambalo watoto wanalisoma shuleni, wala hapana aliyesema kwamba mwanamume yule alikuwa dhaifu. Tulikuwa tunajua kuwasikiliza wafiwa.

Gharama ya nasaha hii ni kubwa, na hailipwi na mtoaji. Mjane aliyekwisha kuambiwa kwamba majonzi yake ni kasoro mbele ya Mola hajui tena kuyasema, basi huyasema kwa mwili, maana mwili hauna dhambi. Anakwenda kliniki akisema miguu inawaka moto, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, tumbo limejaa, usingizi unakatika saa nane za usiku na haurudi. Anapimwa presha, anapewa vidonge vya presha na vya maumivu, anaambiwa arudi mwezi ujao. Hapana aliyemuuliza nyumbani yuko na nani. Hii ndiyo njia ambayo sonona ya wazee hupitia mara nyingi: hujionyesha katika maumivu, katika kukosa hamu ya chakula, katika kuzubaa na kusahau, kuliko katika machozi. Na kwa kuwa hujionyesha katika kusahau, huhesabiwa kuwa ni maradhi ya kusahau ya uzeeni, yasiyo na tiba, ilhali sonona ina tiba, na mzee akitibiwa kumbukumbu yake huenda ikarudi. Kila mzee aliyesemewa kwamba amekwisha kupotea pasipo kupimwa ni mtu ambaye huenda amefungiwa mlango uliokuwa unafunguka.

Katika sehemu za Usukuma gharama imepita hapo. Kikongwe aliyebaki peke yake, mkimya, anayesema na nafsi yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, amesingiziwa uchawi, na wako waliouawa kwa hilo. Huko dalili za upweke zimegeuzwa ushahidi wa jinai.

Hoja ya nne: kwamba ana watoto, na watoto ndio dawa

Watoto wema ni neema, na mjane asiyekuwa nao ana shida zaidi. Lakini hoja hii inasema watoto wapo, haisemi wanafanya nini.

Jambo la kwanza wanalolifanya, aghalabu, ni kuigawa nyumba. Sheria ya Kiislamu imempa mjane thumuni, yaani moja ya nane, ikiwa marehemu ana watoto, na robo ikiwa hana. Hukumu hiyo siijadili. Najadili haraka ya watu wanaoikumbuka thumuni wakasahau kila kitu kinachoitangulia: kwamba kabla ya kugawa hutengwa madeni, na hutengwa mali isiyokuwa ya marehemu. Bibi aliyeuza vitumbua miaka thelathini na akanunua kwa fedha hizo mabati ya nyumba ile na saruji ya sakafu yake, huona jasho lake lote likihesabiwa kuwa urithi wa mumewe, kisha akapewa thumuni ya kilicho chake. Nyumba ikiuzwa, fungu lake halinunui hata chumba kimoja. Hapana hukumu yoyote inayowalazimisha warithi kuiuza nyumba akiwamo mama yao; ni hiari yao, na hiari hiyo huitumia.

Kwa walio chini ya mila, hali ni nzito zaidi. Tangazo la sheria za mila lililotolewa Tanganyika mwaka 1963 linasema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza yeye. Kanuni hiyo ni hoja hii hii ya nne, iliyopigwa chapa ikawa sheria: humpi kitu, kwa kuwa ana watoto. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa majumbani mwao kwa kanuni hizo, na ikaitaka Tanzania izibadili.

Jambo la pili wanalolifanya ni kumhamisha. Mwezi huu yuko Dar es Salaam kwa mwana wa kwanza, mwezi wa tatu Morogoro kwa wa pili, mwezi wa tano Arusha kwa binti, na kila anakofika analala chumba cha watoto, nguo zake zimo katika mkoba chini ya kitanda. Husemwa anapumzishwa. Lakini mtu aliyepoteza mume, kisha katika mwaka mmoja akapoteza kitanda, jiko, majirani, msikiti, kisima, mwuza samaki anayemjua kwa jina na mlango wa kufunga kwa ufunguo wake, amebakiwa na nini? Na huko anakopumzishwa hukabidhiwa wajukuu watatu tangu alfajiri hadi jioni. Wanaosema kwamba ni mzee mno asiweze kukaa peke yake ndio hao hao wanaomwona ana nguvu za kutosha kulea watoto wachanga bila ya ujira. Mojawapo ya maneno haya mawili si kweli.

La tatu ni fedha. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mtu aliyefika miaka 70 pensheni ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuuliza alikuwa na kazi gani, na ni jambo adhimu katika Afrika ya Mashariki. Kenya nayo iliweka shilingi zake 2,000 kwa mwezi kwa waliofika umri huo huo. Lakini mjane wa miaka 62 ana miaka minane ya kungoja. Na palipo na mzee anayelipwa, mara nyingi simu inayopokea fedha iko mfukoni mwa kijana, naye bibi huambiwa kwamba imeingia au haikuingia. Mtu asiyeweza kununua sabuni pasipo kuomba ana sababu ya huzuni ambayo subira haiifikii.

Hoja ya tano: kwamba mwanamume aozwe tu, yakaisha

Hii ni fupi. Mzee aliyefiwa na mke huanza kutafutiwa mwingine kabla ya arubaini, na mjane wa rika lake akitaja ndoa huchekwa. Anayeozwa hivyo haulizwi kama amekwisha kumlilia wa kwanza. Aliyechekwa haulizwi kama ana haja ya mwenzi. Mtume alimwoa Sauda binti Zam'a, mjane mtu mzima, baada ya Khadija, basi aibu hii haikutoka katika dini. Na wale 213 wa Uingereza walikuwa wanaume: mzee anayekaa barazani akicheza bao na kujibu kila salamu kwa salama salimini ni mtu ambaye hapana anayeijua hali yake.

Jibu la mwisho: kwamba matabibu hatuna

Hoja hii huja baada ya zote kushindwa, nayo ina ukweli: matabibu wa nafsi ni wachache, na hospitali za maradhi hayo, kama Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu ya Unguja na Mathari ya Nairobi, watu huziogopa kwa majina tu. Lakini mjane aliyekwama hahitaji Mirembe. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, tabibu Dixon Chibanda alianza kazi na mabibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, Harare, watu wasio na shahada, akawafundisha kumweka mtu kitako juu ya benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hizo walikuwa na dalili chache za sonona, baada ya miezi sita, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ni wanawake wa umri huu huu ninaoutetea, nao walikuwa ndio waganga.

Nasi tuna njia iliyokwisha kufunguliwa. Wazee wetu wengi huenda kliniki ya presha na sukari kila mwezi, wakapanga foleni tangu saa kumi na mbili za asubuhi. Muuguzi anayemfunga bibi mkanda wa presha mkononi ana dakika mbili za kumuuliza usingizi ukoje, chakula kinapita, na nani yuko nyumbani usiku, na kuandika katika daftari tarehe aliyofiwa, ili mwezi wa sita aulizwe tena. Somo aliyelala naye siku za eda anaweza kurudi usiku mmoja kila juma mpaka mwaka utimie. Na warithi wanaweza kungoja mwaka huo kabla ya kumwita dalali, bibi akabaki na ufunguo wake, simu yake na majirani zake. Na ikiwa kuna mrithi mwenye dhiki isiyongoja, dhiki hiyo na isemwe mbele ya mama mwenyewe, naye apewe nafasi ya kujibu, kwa kuwa nyumba inayozungumzwa ni yake pia.